Safi, Chafu, Ngoja

Nday Kabulo hakuwa mtu wa kusema "sijui". Marie-Jeanne, mkewe, aliligundua hilo wiki ya kwanza ya ndoa yao kule Likasi. Miaka ishirini na saba baadaye, wakiwa wamepanga ghorofa ya pili huko Schaerbeek, Brussels, alikuwa bado hajalisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mumewe. Ukimwuliza njia atakuonyesha, hata kama mwenyewe hajawahi kuipita. Ukimwuliza mvua itakatika saa ngapi atatazama juu, atakuna kidevu, na saa atakupa. Ubaya ni kwamba mara nyingi alipatia. Mtu anayekosea kila siku hujifunza kunyamaza, lakini huyu nani angemnyamazisha?

Sifa yake aliitoa mgodini. Kule Katanga alikuwa mchukua sampuli, kazi ya beleshi, ndoo na vifuko vya turubai: unachota udongo na mawe hapa na pale, unaandika namba, unapeleka maabara. Wahandisi walisubiri majibu siku tatu. Nday alikuwa akiliinua bonge, analinusa, analipima uzito kiganjani, halafu anawaambia papo hapo: "Hii shaba iko mingi. Hii ni bule, mutupe." Siku tatu zikipita, karatasi ya maabara inasema yale yale. Wakampa jina, Jicho ya Nday, na yeye akalivaa jina hilo kama mtu anavyovaa koti la Jumapili.

Ubelgiji ilimpokea mwaka 1991 na haikuuliza habari za jicho. Ilimpa sahani za kuosha, kisha ufagio. Miaka mitatu ya ufagio, jamani, kwa mtu aliyekuwa akiwasahihisha wahandisi! Ndipo akapata kibarua kwa Florent, Mbelgiji mmoja mwenye kampuni ndogo ya kubomoa majengo na kuchimba misingi. Florent alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na haraka yake ilikuwa kubwa kuliko wema wake.

Siku hizo sheria za taka za ujenzi zilikuwa zimeanza kuota meno. Zamani ulibomoa nyumba, ukapakia kila kitu katika lori moja, ukaenda kumwaga mahali ambapo hakuna anayeuliza. Sasa hapana. Matofali na zege kando, vikasagwe vitandikwe chini ya barabara. Mbao zenye rangi kando. Mabati ya asbesto yafungwe kwa plastiki, mtu asiyavunje wala asiyapulize vumbi. Na udongo ndio uliokuwa na kesi kubwa kuliko vyote: kila rundo lichukuliwe sampuli, sampuli iende maabara, irudi na karatasi inayosema udongo huu uende wapi. Kuna udongo wa kujazia mashimo, na kuna udongo wa kupelekwa kwa wale wanaosafisha sumu. Lori likitoka bila karatasi, Florent ndiye wa kujibu.

Tatizo lilikuwa vibao. Florent aliandika vibao vya Kifaransa virefu, maneno matano matano, na nusu ya wafanyakazi wake walikuwa watu wa Lubumbashi, Bukavu na Kalemie ambao Kifaransa cha ofisini kiliwapita pembeni. Marundo yakachanganyika. Malori yakarudishwa, Florent akatukana hadi akakauka koo. Nday akachukua mbao tatu na kalamu nene nyeusi, akaandika kwa herufi kubwa: SAFI. CHAFU. NGOJA.

Florent alicheka. Mwezi ukaisha bila lori hata moja kurudishwa, akaacha kucheka, akayajifunza yale maneno matatu. Tangu hapo alikuwa akija asubuhi na buti zake za mpira, anaelekeza kidole kwenye rundo na kuuliza: "Alors, Nday, safi ou pas safi?" Chafu ilimshinda, alisema "shafu". Vijana walivunjika mbavu.

Nday aliwafundisha wenzake masomo manne, akawakaririsha kama katekisimu. Jicho linaona, pua inanusa, mkono unapima, karatasi inasema. Bila manne hayo hakuna kibao cha SAFI. Rundo likae na NGOJA yake hata mwaka mzima. Aliyeyakariri vizuri kuliko wote alikuwa Bienfait, kijana mpole wa Bukavu ambaye Nday mwenyewe alimtafutia kazi pale. Na kwa nini asimtafutie? Bienfait alikuwa amemwoa Rolande, binti yake wa pekee.

Rolande alikuwa na mimba ya miezi sita na nusu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu. Ya pili ilitoka mwezi wa tano, na ile ya pili ilimwacha miezi kadhaa bila kutaka kumwona mtu. Hii ya sasa ilikuwa imevuka. Katika nyumba ya Nday watu walitembea pembeni ya mimba ile kwa ncha za vidole vya miguu. Hakuna aliyeitaja kwa sauti, hakuna aliyenunua hata soksi ya mtoto. Marie-Jeanne alikuwa akihesabu wiki kimya kimya kwenye kalenda ya kanisa, kwa alama ndogo za penseli.

Ilikuwa Mei ya 1997. Wiki ile nchi ilikuwa imebadilishwa jina. Watu walilala Wazaire wakaamka Wakongomani, na pale kazini, wakati wa kula mkate, walikuwa wakigombana mpaka kahawa inapoa. Nday aliwaambia, "Jina inabadilika, udongo njo ule ule," nao wakaona amesema neno kubwa. Lakini vita vya kule nyumbani vilikuwa vimeleta jambo dogo ambalo wanaume hawakuligombania, maana hawakulijua. Ndege zilikuwa hazileti mizigo. Katika duka la Maman Victorine, karibu na Porte de Namur, pemba ilikuwa imekwisha.

Pemba ni ule udongo mweupe ambao wajawazito wetu wanaumung'unya. Madaktari wa huku wanashangaa, wacha washangae. Hamu ya pemba haina adabu: ikimshika mwanamke inamshika mpaka kwenye meno, na ikimkosa analia kama aliyefiwa. Rolande alilia. Bienfait alizunguka maduka yote ya Matonge, mtaa wa Wakongomani, Jumamosi mbili, akarudi na pipi.

Basi, kazi yao wakati huo ilikuwa Forest, mtaa mwingine wa Brussels, kwenye kiwanja cha kiwanda cha rangi kilichofungwa zamani sana. Walikuwa wamebomoa kuta na sasa walikuwa wakichimba ili pajengwe nyumba za ghorofa. Rundo la saba lilitoka kwenye kona ya nyuma, kina cha mita tatu. Sampuli yake ilichukuliwa Jumatano. Ijumaa saa nane mchana, karatasi ilikuwa bado haijaja.

Na mvua ilikuwa ikinyesha, ile mvua ya Brussels isiyo na haya, isiyonyesha sana wala isiyokoma. Nday alikuwa ndani ya kibanda cha ofisi na kikombe cha kahawa. Florent aliingia akitiririka maji, simu shingoni.

"Nday, malori yanakuja Jumatatu saa moja. Rundo la saba linakwenda kujazia bustani nyuma ya nyumba mpya za watu mtaa wa pili. Nikiwaambia leo hakuna, nimewapoteza. Safi ou pas safi?"

"Karatasi haijafika."

"Najua haijafika! Nakuuliza wewe. Wewe si ndiye Jicho?"

Lo, neno lile. Nani alimwambia Florent? Vijana, bila shaka. Nday aliinua kidevu. Akageuza kichwa na kutazama kupitia dirisha. Rundo la saba lilikuwa limelowa, na mvua ilikuwa imeliosha uso: udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, wenye mishipa mipana myeupe. Myeupe pepepe. Kwao, weupe ule ni weupe wa pemba. Bibi yake alimpaka pemba mikononi siku alipopona surua. Mama yake aliila akiwa na mimba yake. Katika maisha yake yote weupe wa udongo haujawahi kumfanyia ubaya.

Hakutoka nje. Hakuliinua bonge wala hakulinusa. Aliangalia dirishani tu, na kahawa yake mkononi.

"Safi," alisema.

Mara moja tu, alijiambia. Akaandika kibao kwa kalamu yake nene, akampa mtu akakichomeke, akamaliza kahawa.

Jumapili baada ya misa walikula kwa Rolande. Marie-Jeanne alileta sombe ya majani ya muhogo na samaki, Bienfait alisonga mwenyewe bukari, ugali wa kwao, kwa sababu mkewe amekatazwa kusimama sana. Walikula vizuri. Rolande alikuwa na uso mchangamfu ambao baba yake hakuuona muda mrefu, na Nday alifurahi, akaanza kueleza nchi itaongozwaje kuanzia sasa, jambo ambalo bila shaka alilijua lote.

Rolande akatoka jikoni na kisahani.

"Papa, aksanti sana ya pemba."

"Pemba gani?"

"Ile ya chantier, kule ku kazi. Bienfait aliniletea Ijumaa. Nimeikausha mu four ya jikoni, imekuwa muzuri." Akacheka, akatia kipande mdomoni. "Tena iko na utamu kidogo. Ile ya Maman Victorine haikukuwa na utamu."

Nday alinyoosha mkono akachukua kipande kisahanini. Kilikuwa kidogo, ukubwa wa kidole gumba. Na kilikuwa kizito. Pemba ni nyepesi, mtoto anajua, pemba unaishika hata huisikii. Hiki kilikaa kiganjani kama kichwa cha nyundo. Mkono wake uliokuwa umepima mawe miaka kumi na tisa ulimwambia mara moja kile ambacho ungemwambia Ijumaa kama angeuuliza. Udongo mtupu hauna uzito huu. Humu mna madini.

"Tema," alisema.

"Papa?"

"Tema, Rolande! Tema yote! Tema!"

Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka. Marie-Jeanne alimwekea binti yake kiganja chini ya kidevu, Rolande akatema, tope jeupe na mate, macho yamemtoka. Bienfait alikuwa amejibana ukutani. Alikuwa ameliona rundo la saba Ijumaa jioni, akaona kibao, akaona mwandiko wa mkwewe, akajaza mfuko mmoja. Kwa nini hakuuliza? Angeulizaje? Kwao kijana hasimami mbele ya baba wa mkewe kusema habari za tumbo la mkewe na hamu zake. Ni aibu. Na kwa nini aulize, wakati jibu limeandikwa kwa herufi kubwa?

"Papa," alisema Bienfait, macho chini, "kibao… uliandika safi."

"Safi ya kujaza shimo!" Nday alifoka. "Hapana safi ya kutia mu kinywa! Muntu anakula udongo ya chantier?"

Alifoka hivyo mara mbili, tatu. Lakini hata hilo la shimo hakulijua. Hakujua chochote kuhusu rundo lile zaidi ya rangi yake.

"Umekula ngapi?" aliuliza Marie-Jeanne.

"Tatu," alisema Rolande. "Non. Nne. Na hiki." Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya tumbo. "Papa, iko nini ndani?"

Nday alitoa leso mfukoni. Alifunga vipande vilivyobaki ndani ya leso, akakimbilia barabarani kutafuta teksi.

Hospitalini walipokewa na daktari wa zamu, mwanamke kijana. Alisikiliza bila kukunja uso, akaifungua leso, akatazama.

"Kuna nini ndani ya udongo huu?"

Bienfait akamtazama mkwewe. Marie-Jeanne akamtazama mumewe. Rolande, amelala kitandani na mkanda wa kupimia mapigo ya mtoto umezungushwa tumboni, akamtazama baba yake kama alivyomtazama tangu utotoni, akisubiri, maana baba anajua.

"Sijui," alisema Nday.

Alilisema kwa Kifaransa, taratibu. Marie-Jeanne aligeuka kama aliyesikia sauti ya mgeni chumbani.

"Nani anajua?" daktari aliuliza.

"Karatasi ya maabara. Kesho."

"Kesho saa ngapi? Nahitaji jina la hicho kitu. Damu nitaipima, lakini kuna sumu nyingi, bwana, na kila moja ina njia yake. Nikijua natafuta nini nitafika mapema. Kiwanda kile kilitengeneza nini?"

"Rangi."

Daktari aliacha kuandika. "Rangi ya zamani," alisema, akamwita muuguzi aje kuchukua damu.

Mashine ilikuwa ikitoa sauti ya moyo wa mtoto, tuku tuku tuku, haraka haraka. Wote wanne walikuwa wakiisikiliza wakijifanya hawaisikilizi. Kila ilipopungua kidogo, Marie-Jeanne alishika rozari.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Nday alikuwa langoni Forest. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la saba, akachota bonge kwenye mshipa mweupe, akaliinua. Zito. Akalinusa: mafuta ya kale, mbali sana, chini ya harufu ya mvua. Vyote vilikuwa pale tangu Ijumaa. Aling'oa kibao cha SAFI, akakivunja kwa goti.

Malori yalifika saa moja kasoro, manne, na la mbele lilikuwa la Burhani, dereva wa Kalemie, mtu asiyejua kuzima injini. Florent akatokea nyuma yao.

"Pakia!"

"Rundo hili halitoki," alisema Nday.

"Unasema nini? Ijumaa ulisema safi."

"Nilisema. Sikulishika, sikulinusa, sikuwa na karatasi. Nilisema tu."

"Nday, watu wa bustani wananisubiri. Unajua lori moja lililosimama linanigharimu nini? Una sababu gani?"

"Binti yangu yuko hospitali. Amekula udongo huu."

Florent alifungua mdomo. Mtu anaweza kukaa na sisi miaka, akajifunza maneno yetu matatu, na bado akawa hajui kwamba udongo unaliwa. "Amekula?" alisema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu niliandika safi."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Jambo hilo lilimjia Nday pale pale, mbele ya bampa la lori la Burhani, nalo lilimchoma. Ijumaa hakuwafikiria wale wa bustani hata dakika moja. Nao wana watoto. Nao watapanda saladi, watoto watacheza hapo kwa ndoo na vijiko, watatia vidole mdomoni kama mtoto yeyote duniani. Ingekuwa si Rolande, malori haya yangekuwa yameshakwenda, na yeye angekuwa kibandani anakunywa kahawa.

"Fukuza mimi kama unataka," alisema, "lakini Burhani akisogea atanipita juu."

"Mimi?" Burhani aliita kutoka nyuma ya usukani. "Papa Nday, hapana kuniingiza mu kesi!" Na akazima injini, kwa mara ya kwanza tangu wamjue. Wale wengine nao wakazima.

Wakasubiri. Saa mbili. Saa tatu. Florent alikuwa akipiga simu kwenye maabara kila robo saa, na kila robo saa alikuwa akiambiwa inaandaliwa. Nday alisimama mbele ya mashine ya faksi, mikono mgongoni. Bienfait alikuwa mlangoni, hakuthubutu kuingia.

Saa nne na dakika kumi mashine ikalia. Karatasi ilitoka polepole, mstari baada ya mstari, na Nday aliisoma kabla haijamaliza kutoka. Zinki, juu. Kadmi, kidogo. Halafu risasi. Si risasi ya bunduki, bali yale madini mazito yanayoingia damuni mwa watoto na kudumaza akili zao. Namba yake ilikuwa ndefu kuliko zote kwenye ukurasa. Kumbe kile cheupe kilikuwa rangi nyeupe ya kizamani, iliyotengenezwa kwa risasi, watu walikuwa wakiosha mapipa yake kwenye ile kona mpaka ikaingia udongoni ikawa mishipa. Na rangi ile, mtu akiilamba, ni tamu.

Alipiga simu hospitali palepale, akamsomea daktari namba, tarakimu moja moja, akazirudia. Daktari akasema: "Ndiyo. Inalingana na damu. Iko juu. Si ya kumwua mama, lakini iko juu. Kuhusu mtoto siwezi kukuahidi kitu. Atabaki hapa."

Florent naye alikuwa ameisoma karatasi, na alikuwa ameiona tarehe ya kibao katika daftari la kazi. Alikaa kitako juu ya meza.

"Mimi ndiye niliyekuharakisha," alisema.

"Wewe uliuliza," alisema Nday. "Mimi nilijibu." Akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari, mbele ya tarehe ya Ijumaa, kwamba kibao kilitundikwa bila karatasi, na akaweka jina lake lote.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko lile la malori. Mchana alikwenda hospitali, akaketi pembeni ya kitanda, akamweleza binti yake kila kitu, hakuacha hata kikombe cha kahawa. Rolande alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliipima na mukono?"

"Hapana, mama."

"Ulinusa?"

"Hapana. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua," alisema Rolande. Akageukia ukutani.

Hakusema na baba yake kwa wiki tano, na baada ya hapo ikawa salamu tu. Nday alikwenda kila jioni baada ya kazi, hospitali kwanza na baadaye nyumbani, na kifuko cha machungwa na chupa ya maziwa kama daktari alivyoagiza. Rolande alikuwa akivipokea, anavitia jikoni, anarudi kukaa. Bienfait alisema, "Karibu, papa," kwa sauti ya chini. Nday aliketi kwenye ukingo wa kiti dakika ishirini, akaaga. Damu ilipimwa kila wiki. Namba ilishuka, ikakwama, ikashuka tena kidogo. Marie-Jeanne alimtetea mumewe mara moja tu. "Ni baba yako," alisema. Rolande akamjibu: "Njo maana nilikula."

Kule kazini alijivua mwenyewe ukubwa wa vibao, akampa Bienfait kalamu. Akawa anaosha matairi ya malori pale langoni. Vijana waliona haya kumtazama. Ukimwuliza chochote, hata saa, alikuwa akisema, "Angalia ku ukuta."

Mtoto alizaliwa katikati ya Agosti, siku ya joto kali, msichana, kilo mbili na gramu mia tisa, sauti yake ikasikika hadi kwenye lifti. Alikuwa na vidole vyote. Lakini vidole havikuwa kesi, kila mtu alijua. Walikuwa wamechukua damu ya kitovu ikaenda maabara, na majibu ni baada ya siku mbili.

Siku ya pili Nday alisimama mlangoni, kofia mkononi. Rolande alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani. Alimtazama baba yake muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono, akampa mtoto.

"Papa," alisema, "angalia muzuri. Iko safi?"

Marie-Jeanne aliacha kukunja nguo. Bienfait akaweka chini kikombe.

Nday alimtazama mtoto, uso, kucha, nyayo. Akainama akamnusa utosini. Akamwinua kidogo kwenye viganja vyake viwili, akamshusha, akamwinua tena, kama alivyokuwa akifanya na mawe kule Likasi. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Sijui, mama," alisema. "Tungoje karatasi."

"Basi tungoje," alisema Rolande, na akasogea ili baba yake apate pa kukaa.

Wakangoja, wote wanne na mtoto. Chakula cha mchana kikaja, hakuna aliyekila. Saa kumi na robo muuguzi akaleta bahasha. Nday hakumrudishia mtu mtoto. Aliomba karatasi iwekwe juu ya shuka mahali anapoweza kuiona. Akaupata mstari, akausoma, akausoma tena, akalinganisha na kiwango kilichoandikwa pembeni. Akamwambia Bienfait asome yeye kwa sauti, namba na kiwango, na Bienfait akasoma.

"Alors, papa?" alisema Rolande. "Sema basi."

"Safi," alisema Nday.